Sura ya 5: Mtoto Mchanga Katika Masika na Kipupwe

Kila mwaka, mvua zikishaanza, swali ni lile lile Likoni, Kisauni na Changamwe: mtoto avalishwe nini, anywe nini, apakwe nini ili asishikwe na mafua? Majibu hayakosekani. Nyanya ana lake, jirani wa chumba cha pili ana lake, na mwenye duka la dawa ana lake ndani ya chupa. Sura hii inazipitia njia za nyumbani, moja baada ya nyingine: zipi humkinga mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, zipi hazina faida wala dhara, na zipi humuumiza.

Je, ni baridi inayoleta mafua?

Masika ya Pwani huanza mwisho wa Machi na kuzidi mwezi wa Mei. Kusi ikishashika, huja kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti. Hata hivyo baridi ya Mombasa ni baridi ya jina. Usiku wa Julai kipimajoto husimama kwenye nyuzi 20 hivi, hali ambayo mtu wa Limuru angevua sweta.

Mafua huletwa na virusi. Hivi ni vijidudu vidogo mno, visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida, vinavyoingia ndani ya mwili na kuongezeka humo. Mtu mzima akivipata hutokwa na kamasi siku chache, basi. Mtoto wa miezi miwili ana mirija ya hewa myembamba sana, na virusi vile vile vinaweza kumshukia kifuani vikamziba pumzi.

Kimoja kati ya virusi hivyo huitwa RSV, na ndicho kinachowalaza hospitalini watoto wengi wachanga wenye shida ya kupumua. Kituo cha utafiti cha KEMRI kilichoko Kilifi kimekifuatilia kwa zaidi ya miaka 20. Kilichoonekana huko kinashangaza kidogo: kwa kawaida RSV huanza kusambaa kuelekea mwisho wa mwaka na kushika kasi miezi ya mwanzo wa mwaka unaofuata, yaani wakati wa kaskazi, jua likiwa kali. Kama baridi peke yake ndiyo ingekuwa chanzo, watoto wa Kilifi wasingekohoa Januari.

Mvua ina lawama yake, lakini kwa njia nyingine. Inaponyesha, madirisha hufungwa. Nguo huanikwa ndani. Jiko la makaa lililokuwa uani huletwa ukumbini. Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita vinavyotazamana, ukumbi mmoja na choo kimoja, familia sita huanza kuvuta hewa moja kutwa nzima. Matatu ya kutoka Mtopanga hupandisha vioo vyote, abiria kumi na wanne ndani, na mmoja wao akikohoa wote wamepata. Kumkinga mtoto msimu huu ni kuangalia kwanza hewa, mikono na watu wanaomzunguka. Sweta inakuja baadaye.

Maziwa ya mama

Hakuna kinga ya asili inayoyafikia maziwa ya mama. Yale ya siku za kwanza, mazito na ya manjano, yaitwayo dang'a, zamani yalikamuliwa na kumwagwa katika nyumba nyingi kwa kudhaniwa kuwa yameharibika. Kumbe ndiyo yenye kingamwili kwa wingi. Kingamwili ni chembe ambazo mwili huzitengeneza ili kuvitambua vijidudu fulani na kuvizuia. Mtoto huzaliwa na akiba alizopewa tumboni, lakini akiba hizo hupungua mwezi baada ya mwezi, na yeye mwenyewe bado hajajua kutengeneza za kutosha.

Maziwa hujaza pengo hilo kwa namna ya ajabu. Mama wa Likoni anayevuka feri asubuhi hubanana na mamia ya watu na kuvuta hewa yao. Mwili wake ukikutana na kirusi kipya, huanza kutengeneza kingamwili dhidi yake, na hizo huingia kwenye maziwa. Baada ya siku chache mtoto anayenyonya anapata kinga dhidi ya vijidudu ambavyo huenda mama amerudi navyo nyumbani. Ndiyo maana mama mwenye mafua haachi kunyonyesha. Anachopaswa kufanya ni kunawa mikono na kujifunga barakoa au kitambaa safi puani na mdomoni wakati wa kunyonyesha.

Kwa miezi sita ya kwanza mtoto anyonye tu, bila maji, chai, juisi wala maji ya mchele. Joto la Mombasa huwafanya wengi waone huruma na kumpa mtoto kijiko cha maji, lakini karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji tayari. Isitoshe, maji ya mitungi yanayouzwa kwa mkokoteni mifereji ikikauka hayajulikani yamepitia wapi. Mtoto anayeharisha hudhoofika, na mafua madogo humwangusha.

Tatizo kubwa zaidi ni kazi. Sheria ya Kenya inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu, nusu ya muda ambao mtoto anahitaji kunyonya tu. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo upande wa Changamwe, au anayefua nguo za watu Nyali, hubaki na njia moja: kukamua maziwa kwa mkono kabla ya kutoka na kuyaacha katika kikombe safi chenye kifuniko. Nje ya friji yatumike ndani ya saa nne, na siku za joto kali mapema zaidi. Mlezi ampe mtoto kwa kikombe au kijiko, kwa maana chupa yenye chuchu ni vigumu kuisafisha vizuri.

Baada ya miezi sita mtoto huanza kula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Pwani haina upungufu wa vyakula vinavyojenga kinga: samaki aliyechambuliwa miiba, kunde zilizopondwa, kiini cha yai, mchicha wenye tui, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, papai, embe. Uji mtupu wa mahindi hushibisha bila kujenga. Ukitiwa karanga zilizosagwa laini au maziwa, unakuwa chakula.

Moshi ndani ya nyumba

Mirija ya hewa imefunikwa na vinyweleo vidogo sana ambavyo husukuma uchafu na kamasi kwenda juu. Moshi huvilemaza. Mtoto anayelala kila siku kwenye moshi hupata nimonia, yaani maambukizi ya ndani ya mapafu ambayo wengi huyaita kichomi, kwa urahisi zaidi kuliko mwenzake wa nyumba isiyo na moshi.

Wakati wa masika moshi hutoka pande nyingi. Kuna makaa na kuni. Kuna dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya mviringo, ambayo huachwa ikiungua usiku kucha chini ya kitanda. Kuna sigara ya baba mlangoni. Changamwe ina malori ya bandarini yanayopanga foleni, na mitaani Kisauni kuna taka zinazochomwa. Malori na taka mzazi mmoja hawezi kuviondoa. Vitatu vya kwanza anaweza.

Hatari kubwa kuliko zote haina moshi. Makaa yakishakolea na kuwa mekundu, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu iitwayo monoksidi ya kaboni. Seredani ikiingizwa chumbani kumpasha mtoto joto na mlango ukafungwa, familia nzima inaweza kulala isiamke. Jiko la makaa halina nafasi katika chumba cha kulala, hata kwa nusu saa, hata mvua ikinyesha vipi.

Ubani na udi vinahitaji maneno ya taratibu. Chumba cha mzazi hufukizwa katika siku zake arubaini, na hakuna sababu ya kuwafokea wazee kwa jambo lenye heshima yake. Lakini moshi wa ubani ni moshi. Kichanga atolewe kwanza, chumba kifukizwe, dirisha lifunguliwe mpaka moshi uishe na ibaki harufu tu, ndipo arudishwe. Nyanya wengi hawapingi wakielezwa hivyo, kwani harufu ndiyo waliyoitaka.

Nguo zilizoanikwa ndani huongeza unyevu, na unyevu hukuza kuvu, yale madoa meusi ukutani nyuma ya kabati. Ukuta ufutwe kwa maji na sabuni, kitanda cha mtoto kisogezwe mbali nao, na madirisha yafunguliwe kila mvua inapokatika.

*Kwa ufupi: mtoto anyonye, na chumba anacholala kiwe na hewa inayopita. Mambo haya mawili yana nguvu kuliko dawa yoyote ya kupaka.*

Mikono, kamasi na ndugu wakubwa

Mwishoni mwa 2009 hadi katikati ya 2010, watafiti wa Kilifi walizitembelea familia zenye watoto wachanga wakichukua kamasi za kila aliyeishi humo, mara kwa mara, awe mgonjwa au mzima. Walitaka kujua nani huiingiza RSV nyumbani. Zaidi ya nusu ya wachanga walioambukizwa walionekana kuipata ndani ya nyumba zao, na mara nyingi aliyetangulia kuwa nayo alikuwa kaka au dada anayekwenda shule.

Kwa hivyo ulinzi wa kichanga huanzia kwa mwanafunzi anayerudi saa tisa alasiri. Avue sare, anawe mikono na uso kwa sabuni, kisha ndipo ambebe mdogo wake. Akiwa na mafua, ambusu miguuni au asimbusu kabisa kwa siku chache. Wageni wa arubaini nao ni vivyo hivyo. Mwenye kikohozi anaweza kuleta zawadi na dua akiwa mlangoni, na asione ametengwa.

Maji yakiwa ya kununua, watu hubana kunawa. Kibuyu chirizi hufaa hapo: mtungi wa lita tano uliotobolewa kidogo karibu na kifuniko, umening'inizwa kwa kamba, na kijiti cha kukanyaga kwa mguu ili uiname. Maji hutoka kwa uzi mwembamba, na yanayotosha mtu mmoja kwenye beseni hutosha watu kadhaa.

Desturi ya mama kumfyonza mtoto kamasi kwa mdomo iachwe. Humpelekea mtoto vijidudu vya mdomoni, na mama naye huvichukua vya mtoto. Njia safi ni maji ya chumvi. Robo kijiko cha chai cha chumvi hutiwa katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Matone mawili au matatu huwekwa katika kila tundu la pua kabla ya kunyonya na kabla ya kulala, na kamasi iliyolainika hufutwa kwa kitambaa. Maji hayo yatengenezwe mapya kila siku. Mtoto mwenye pua iliyoziba hashindwi kunyonya kwa kukosa hamu. Hushindwa kwa sababu hawezi kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja, basi anyonyeshwe kidogo kidogo na mara nyingi.

Nguo na kuoga

Siku ya kliniki mwezi wa Juni, kwenye mabenchi ya kituo chochote cha afya cha Mombasa Bara, huonekana watoto waliovaa kofia ya sufu, soksi, sweta na blanketi juu, wakati mama zao wanajipepea kwa kitabu cha kliniki. Ukifunua shingo ya mtoto wa namna hiyo hukosi harara, vile vipele vyekundu vya joto. Jasho likimkaukia mwilini, ndipo anapopata baridi ya kweli.

Kipimo rahisi ni kumgusa kisogoni au kifuani. Penye joto kavu panatosha. Pakiwa na jasho, apunguzwe nguo. Mikono na miguu huwa baridi kidogo hata kwa mtoto mzima, kwa hivyo haipimi kitu. Kwa Mombasa, nguo moja zaidi ya aliyovaa mama inatosha: fulana na surupwenye ya pamba, na leso usiku.

Aliyezaliwa kabla ya siku zake, au mdogo sana, ana haja kubwa zaidi ya joto, na joto bora ni la kifua cha mama. Mtoto huwekwa akiwa na nepi na kofia tu, ngozi kwa ngozi kati ya maziwa ya mama, kisha wote wawili hufungwa kwa leso. Hospitali huiita njia hii huduma ya kangaruu. Baba naye anaweza kuifanya.

Mafua hayazuii kuoga. Maji ya vuguvugu, adhuhuri, madirisha ya upande wa upepo yamefungwa kwa dakika hizo kumi, kisha mtoto akaushwe upesi. Kumkanda kwa mafuta ya nazi baada ya hapo hulainisha ngozi na kumtuliza, ingawa mafuta hayafiki mapafuni.

Kabati la nyanya

Dawa za nyumbani za Pwani ni nyingi, na si haki kuzitia zote katika kapu moja. Kumbeba mtoto wima kwa leso humsaidia kupumua. Jua la asubuhi la dakika chache husaidia mwili wake kutengeneza vitamini D ya mifupa, nalo ni la muhimu kwa watoto wa ghorofa mpya za Kisauni wanaomaliza siku arubaini bila kutoka nje. Chai ya tangawizi na ndimu ni njema, lakini anayepaswa kuinywa ni mama.

Vifuatavyo visimkaribie mtoto:

- Asali, kabla hajafikisha mwaka mmoja. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazoamka tumboni mwa kichanga na kutoa sumu inayolegeza misuli hadi ile ya kupumua. Mtu mzima hazimdhuru. Wanaofanya tahniki, yaani kumpaka kichanga kitu kitamu kinywani, wanayo tende, ambayo ndiyo asili ya sunna hiyo, na aigusishe mtu aliyenawa mikono asiye na mafua.
- Kafuri, ambayo wengine huiita karafuu maiti, na mafuta makali ya kuchua. Kafuri ikipakwa puani au kifuani kwa mtoto mdogo inaweza kumletea degedege. Harufu kali ya mkaratusi nayo huweza kumbana pumzi.
- Kujifunika na mtoto juu ya sufuria ya mvuke. Wanaofika hospitali kwa sababu hii huletwa kwa kuungua.
- Mwarobaini, habasoda na mizizi ya kuchemsha. Kipimo cha kichanga hakijulikani, na ini lake bado ni changa.
- Kukata kimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Hakileti kikohozi. Kukikata kwa wembe huleta damu nyingi, pepopunda na maambukizi, na watoto wamekufa kwa hilo.

Chupa za dukani nazo zisiaminiwe ovyo. Dawa za kikohozi hazimfai mtoto wa umri huu, na antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, haziui virusi vya mafua. Amoksilini iliyobaki ya kaka mtu haipaswi kugawiwa.

Chanjo

Wako wanaoona kuwa njia za asili na chanjo hazipatani. Lakini chanjo haifanyi kingine ila kuufundisha mwili wa mtoto kutengeneza kingamwili zake mwenyewe. Nchini Kenya sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zina mbili zinazolinda mapafu moja kwa moja. Pentavalenti, iliyoanza 2001, hukinga magonjwa matano, pamoja na kifaduro na bakteria Hib wanaoleta nimonia. Ile ya nimokoko, bakteria mwingine mkubwa wa nimonia, iliongezwa 2011, na Kilifi ilionekana wazi jinsi magonjwa makali ya aina zilizomo katika chanjo hiyo yalivyoshuka baada yake. Ya surua hutolewa miezi 9 na tena miezi 18. Mafua madogo siku ya kliniki si sababu ya kuahirisha.

Si kila homa ni ya mafua

Baada ya mvua madimbwi hujaa, na Pwani ni nchi ya malaria. Mtoto mwenye mwili wa moto apimwe damu, hata kama anatokwa na kamasi pia, kwani mafua na malaria huweza kuja pamoja. Alale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, na mchana pia. Mbu wanaoleta dengi na chikungunya, iliyoenea Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, huuma mchana, nao huzaliana katika mapipa na mitungi ya maji isiyofunikwa.

Degedege la homa si shetani wala ndege. Mtoto alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, na safari iwe ya hospitali.

Wakati wa kwenda hospitali

Kuhesabu pumzi ni ujuzi ambao kila mlezi anaweza kuupata. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, afunuliwe kifua na kupanda kwake kuhesabiwe kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, au 50 na zaidi kwa wa miezi miwili hadi mwaka, ni za kasi mno. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Aondoke nyumbani mara moja, hata usiku, akiwa na mojawapo ya haya:

- nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, au anakoroma na kuguna;
- amekataa kunyonya au anatapika kila kitu;
- amelegea, haamki vizuri, au amepata degedege;
- midomo imegeuka rangi ya samawati au kijivu;
- ana homa, au mwili umekuwa baridi, na hajafikisha miezi miwili.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba hufundishwa dalili hizi na wanaweza kuandika rufaa. Upande wa Likoni iko hospitali ya kaunti ndogo ya Likoni, na Changamwe iko Port Reitz. Wa Kisauni huanzia zahanati ya karibu au Kongowea, na anayehitaji zaidi huvuka daraja la Nyali kwenda Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi bado huiita Makadara. Kwa wakazi wa Likoni hesabu ya usiku ni tofauti, kwa sababu feri hupungua usiku wa manane. Namba ya tuktuk wa jirani na pesa ya nauli ziwekwe mapema pamoja na kitabu cha kliniki.

Mtoto akipata nafuu huwa amepungua. Anyonyeshwe mara nyingi kuliko kawaida, na aliyekwisha kuanza kula aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili, kisha apimwe uzani kliniki.